Barafu kutoka Gisimenti

Salma mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mapema. Kwa hiyo nimesogeza pembeni sinia la mchele niliokuwa nachagua, nimekaa mezani, naandika. Mambo ya safari sitayagusa. Baba yako amekwisha kukuhubiria yote tangu juzi: kadi ya chanjo, fedha usiziweke mahali pamoja, mpakani usimwachie mtu begi lako hata akiwa na sura ya shehe. Mimi nina jambo moja tu, na mwezi mzima nimeshindwa kulitoa mdomoni.

Ni habari ya mama mdogo Espérance.

Nilikuambia ni mtoto wa mama yangu mdogo, aliyefuata maisha Tanzania. Wewe hukuuliza kwa nini ndugu yetu ana jina la kanisani, maana hapa Kigali nyumba nyingi zimechanganyika. Ukweli ni kwamba hatuna damu moja. Yeye ni binti wa Kicukiro, mimi mtoto wa fundi cherehani wa Biryogo, na tulijuana kwa sababu chuoni tulipangiwa meza moja ya maabara. Sasa unakwenda Mwanza kuishi ndani ya nyumba yake. Juzi umeniambia huyo mama hakupendi, kwa kuwa kwenye simu anajibu mkato, na tangu uzaliwe hajakanyaga Kigali, hata arusi ya kaka yako hakuja. Nikakujibu kwamba ana kazi nyingi. Sitaki uingie nyumbani kwa mtu ukiwa na jibu la namna hiyo.

Nitakusimulia siku moja tu. Ukiielewa hiyo, mengine utayaona mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tatu. Vita vilikuwa kaskazini tangu tisini, na sisi wa Kigali tulikuwa tumevizoea jinsi mtu anavyozoea jino bovu, anajifunza kutafunia upande wa pili. Umeme ulikatika ovyo. Maji yalikuja yanapotaka. Barabarani kulikuwa na bariyeri, vizuizi vya askari, na siku nyingine vijana wa chama tawala walisimama nao, wana fimbo, wanauliza vitambulisho. Wewe umekua kitambulisho chako hakina mstari ule. Vyetu vilikuwa nao: kabila. Changu kilisema Mhutu, kwa sababu baba yangu aliandikwa hivyo. Cha Espérance kilisema Mtutsi. Darasani hatukulizungumza. Barabarani ndiyo tulilizungumza, bila kulitaja. Nilikuwa nikitembea upande wa barabarani, yeye wa ukutani, na hakuna aliyemwambia mwenzake sababu.

Tulikuwa mwaka wa mwisho. Utafiti wetu ulikuwa wa mafuta ya mkaratusi, na wewe unayekwenda kusomea dawa utacheka ukiona tulivyoufanya. Majani yanachemshwa kwenye chupa kubwa, mvuke unapita kwenye bomba la kioo lililozungukwa na maji baridi, unapoa, unadondoka, na mafuta yanaelea juu ya maji kama utando kwenye supu. Tulihitaji mafuta ya kutosha kupimwa, na sahihi ya msimamizi wetu. Sote tulimwita Asistani. Mwisho wa mwezi ule alikuwa anaondoka kwenda Ulaya masomoni, na akishaondoka, hakuna mwingine wa kutusainia.

Asubuhi tulikuta maabara imefungwa. Mtunza ufunguo amekwenda msibani. Tukakaa kwenye ngazi, tunakula karanga za Espérance. Alikuwa mtu wa kucheka, Salma. Najua huamini. Alikuwa anaweza kumuiga Asistani anavyokohoa kabla ya kusema Kifaransa, mpaka namwomba anyamaze kwa sababu mbavu ziliniuma. Siku hiyo pia aliniigia.

Ufunguo ulipopatikana, umeme haukuwapo, na mtungi wa gesi ulikuwa mtupu. Asistani akasema tutafute mkaa. Nikaenda mimi, nikarudi na imbabura, lile jiko letu la mkaa, nimelibeba kichwani kama mama ntilie. Tukaliwasha dirishani ili moshi utoke. Chupa ikaanza kuchemka. Kisha bomba la maji likakohoa mara moja, likakauka. Bila maji ya kupitisha, tukabaki na ndoo moja tuliyoizungusha na kuimimina tena na tena, na maji ya ndoo yakawa vuguvugu, mvuke ukawa unatoka hovyo, chumba kizima kinanuka dawa ya mafua.

Asistani akasema: "Tafuteni barafu."

Barafu ilikuwa Gisimenti. Kulikuwa na baa pale yenye jenereta, na mwenye baa aliwahi kupanga nyumba kwa mama yake Espérance. Mmoja aende, mmoja abaki na moto. Mimi nilikuwa nimetoka kubeba mkaa, miguu inaniuma. Espérance akachukua ndoo ndogo yenye kifuniko, akaizungushia blanketi, akasema yeye watampa bure, mimi nitauziwa. Nikasema haya. Ndivyo ilivyokuwa. Sikumtuma, wala sikufikiri.

Mchana ukapita. Ukishazoea kazi ya maabara utajua kwamba sehemu kubwa ni kungoja. Unaangalia tone linajikusanya kwenye ncha ya kioo, linanenepa, linadondoka, na lingine linaanza. Niliyatazama yale matone nikawa sioni kitu. Mfagizi wa chuo alipita dirishani akasema barabara ya kutoka Remera, njia ya Gisimenti, wameifunga, wanakalisha watu chini. Nikamwambia Asistani nataka kwenda kumtazama mwenzangu. Alikuwa kwenye kona na redio yake ndogo sikioni. Akasema nikizima moto kazi ya wiki imekwenda, na yeye hana wiki nyingine. Akasema ningoje, watamwachia, kila siku wanawaachia.

Nikangoja. Hilo ndilo ninalotaka ulijue juu ya mama yako. Nilikaa nikachochea mkaa, nikamimina maji vuguvugu, nikaangalia matone. Nilikuwa mtoto aliyelelewa vizuri. Mkubwa akisema ngoja, unangoja. Si kwamba sikuwa na hofu. Nilikuwa nayo, nikaona aibu kuionyesha mbele ya mtu aliyetulia, na baadaye sana nikaja kuelewa kwamba yule mtu hakuwa ametulia. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, na mwoga akiwa na cheo, woga wake unaonekana kama busara.

Siwezi kukuambia ni nini kilinisimamisha. Hapakuwa na kelele wala risasi. Nilijikuta nimeinuka, nimeuchukua mkaa kwa koleo, nimeumwaga kwenye beseni la mchanga. Asistani alisema jambo nyuma yangu. Sikuvua hata koti jeupe la maabara.

Nilimkuta chini ya kilima, wamekaa watu kando ya barabara, kwenye majani, wameambiwa wasiegemee kitu. Espérance alikuwa wa mwisho upande wa mtaro, ndoo kati ya magoti, blanketi bado limezungushwa vizuri kabisa. Aliponiona alitikisa kichwa kidogo sana, yaani niondoke. Kijana mmoja mwenye fimbo alikuwa akimuuliza barafu anawapelekea nani. Barafu, alisema yule kijana, ni ya kuwekea majeruhi. Majeruhi wa nani? Akataka kuimwaga.

Nikasema kwa Kinyarwanda, nikiwa na sauti ambayo sijui niliitoa wapi, kwamba huyo ni mwenzangu wa kazi na barafu ni yetu. Kijana akanitazama koti. Na askari mmoja, jandarme, aliyekuwa amekaa kwenye kigogo, mtu mzima kidogo, akanitazama pia, akaniita daktari.

Alikuwa ameungua mkono. Mchana ule alifungua rejeta ya gari likiwa la moto, na mvuke ukamchoma kuanzia kwenye vidole hadi kwenye kiwiko. Ngozi ilikuwa nyekundu inang'aa, na mtu fulani alikuwa amempaka dawa ya meno. Akanionyesha kama mtoto anavyoonyesha. Mimi sikuwa daktari, Salma. Nilikuwa mwanafunzi wa mafuta ya mkaratusi. Nikamwambia ndiyo, mimi ni wa hospitali, na huyu ni muuguzi wangu, na hiyo barafu ndiyo dawa yake. Nikamwambia Espérance afungue ndoo. Barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka karibu yote, maji baridi yenye vipande vidogo. Nikaiosha ile dawa ya meno, na jandarme akaingiza mkono wake ndani ya ndoo, akafumba macho.

Tulikaa hivyo muda. Yeye amefumba macho, mimi nimechutama, Espérance ameshika ndoo isipinduke. Kijana wa fimbo alisimama hajui afanye nini. Nilikuwa naomba kimoyomoyo yale maji yasipate joto upesi.

Mwishowe jandarme akatoa mkono, akamrudishia Espérance kitambulisho chake bila kukisoma, akasema: "Nendeni."

Tukaenda. Wale wengine walibaki wamekaa kwenye majani. Alikuwapo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Sikugeuka kuwatazama, lakini Espérance aligeuka.

Hadi hapo mama yako ni shujaa, na kama ningeishia hapa ningelala vizuri. Watu wachache waliowahi kuisikia hadithi hii niliwasimulia hadi hapa.

Tulirudi maabara. Mkaa umezimwa, chupa imepoa, utando wa mafuta uliokuwa umepatikana umerudi ukachanganyika na maji kwa sababu hakuna aliyefunga koki ya chupa. Asistani alikuwa anakusanya karatasi zake. Alimtazama Espérance, majani yamemganda kwenye sketi, akauliza: "Na barafu?"

Akachukua redio yake. Akaondoka, akasema tutaonana kesho.

Espérance akaanza kuosha vyombo. Aliosha kila kitu, akapanga, akakausha bomba la kioo kwa uangalifu kama siku zote. Kisha akavua koti lake, akalikunja, akaliweka mezani. Akaniambia kesho haji. Ana shangazi Bujumbura, atakwenda huko kabla ya Ijumaa. Aliniomba radhi kwa kuniacha na kazi peke yangu. Alisema kama kuna gazeti la kufungia vitu nimpe.

Nikashikwa na hasira. Nilikuwa nimejitia hatarini kwa ajili yake, ndivyo nilivyojiona. Nimepoteza mafuta, nimepoteza sahihi, na sasa ananiambia anaondoka. Nikamwambia imebaki kidogo tu. Nikamwambia angoje wiki mbili, tumalize, ndipo aende popote. Akasema hawezi. Nikamwambia mambo yatatulia, kila mtu anasema serikali na waasi wanapatana. Akasema labda. Alikuwa anasema polepole, hakubishana, na hilo likanizidishia.

Nikasema: "Mwebwe, ninyi, siku zote mnajua kukimbia tu."

Kwa Kinyarwanda neno hilo, mwebwe, ni neno dogo. Unalisema ukiwaita watoto waje kula. Lakini siku zile, likitoka kwa mtu kama mimi kwenda kwa mtu kama yeye, lilikuwa na maana moja tu, ileile ya mstari kwenye kitambulisho. Tulikuwa tumekaa meza moja muda wote ule na sikuwahi kumwambia ninyi. Nilikuwa nimetoka kumtoa kwenye majani.

Alinitazama. Kisha akaniuliza: "Sisi nani?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kusikia jibu. Nikajifanya natafuta gazeti. Nilipoinua kichwa alikuwa mlangoni, akasema nimsalimie baba, akaenda. Sikumtoa hata hatua moja, mimi niliyekuwa nikitembea upande wa barabarani.

Alifika Bujumbura. Mimi nilibaki nikingoja. Asistani alikwenda Ulaya bila kunisainia. Nikaambiwa atakuja mwingine, ningoje. Nikaambiwa muhula ujao. Hata Aprili ya tisini na nne ilinikuta nangoja. Miezi ile ya mauaji umeisoma shuleni, na babu yako alikusimulia ya Biryogo, nani alilala chini ya meza ya kukatia nguo na nani alikamatwa uchochoroni. Sitarudia. Nitasema tu kwamba mama yake Espérance na wadogo zake walikuwa Kicukiro, na mimi nilikuwa upande huu, na kila siku nilisema njia ikitulia nitakwenda kuwatazama. Watu wote wananiambia nisingefika. Najua nisingefika. Lakini nakuambia wewe jinsi ilivyokuwa kichwani mwangu: nilisema nangoja.

Alirudi kiangazi kilekile, vita vilipokwisha. Nilikuwa naanika nguo, nikamwona amesimama kwenye uchochoro na mfuko wa plastiki. Amekonda. Aliingia, akamsalimia baba kwa Kiswahili, shikamoo mzee, akakaa kwenye mkeka. Hakuuliza habari ya mtu. Aliniuliza jambo moja, kama nilikwenda Kicukiro. Nikasema sikwenda. Akaitikia kwa kichwa. Nikampa chai, akanywa yote.

Kesho yake tulikwenda pamoja. Nyumba ilikuwapo, paa halikuwapo. Jirani mmoja alituonyesha mahali walipofukiwa. Tulirudi kwa miguu, na njiani, mahali pa mteremko, alisimama akaniambia: "Ulinishauri ningoje. Ningengoja, ningekuwa nao."

Nikamwambia angekufa. Akasema ndicho anachosema.

Salma, kwa miaka mingi nilijaribu kujua kama lile lilikuwa lawama, na kama lilikuwa lawama, alinilaumu kwa kumwambia abaki au alijilaumu kwa kuondoka. Sijui hadi leo. Nilidhani maisha yamenifundisha kwamba kungoja ni ujinga na kuondoka ndiyo akili, kwa sababu yeye alipona. Kisha namkumbuka amesimama kwenye ule mteremko, mtu aliyeondoka kwa wakati wake hasa, naye hana amani. Kwa hiyo sina funzo la kukufungia kwenye kitambaa. Nina hili tu: mwaka jana ulipopata nafasi ya Mwanza nikakuambia ungoje, na mwaka huu nikatafuta sababu nyingine ya kukungojesha, haikuwa kwamba ninajua kitu. Ilikuwa hofu, nami niliivika koti jeupe. Baba yako aliiona. Nisamehe.

Yeye alikaa nasi miezi michache, hakuweza. Kila kilima cha mji huu kilimsemesha. Akapata kazi Mwanza, kwenye maabara ya kiwanda cha samaki, ndiko aliko mpaka leo, anapima maji. Alinitafuta mwenyewe kwa simu ulipozaliwa. Tangu hapo anapiga, tunaulizana hali, watoto, mvua. Mkato unaokusikitisha ni wangu na wake, si wako. Nilipomwomba akupokee nilitarajia akose nafasi. Alisema: "Mlete. Chumba kipo." Kisha hakuna kati yetu aliyetaka kukata simu.

Mambo machache utayaona kwake, usishangae. Hali chakula chini ya mti wala hakai kwenye majani, hata kwenye sherehe. Akikwambia urudi saa fulani, rudi saa hiyo. Usimfanye akusubiri dirishani. Na mwezi wa nne mwache. Pika, mwekee, usimwulize amekula.

Nilianza barua hii nikiwa na nia ya kukutuma. Nilitaka umfikishie kwamba mama anaomba radhi kwa lile neno. Nilikuwa nimelitafutia hata lugha nzuri. Lakini nimefika hapa nimeona ni uleule mtindo wangu, mwingine aende, mimi nibaki na moto. Sikutumi. Msalimie tu, kama mtoto anavyomsalimia mama yake mdogo. Akikuuliza kama nimekusimulia, usifiche, mwambie ndiyo, mpaka kwenye neno lenyewe.

Baba yako hajui bado, lakini leo asubuhi, ulipokuwa unakunja nguo, nilikwenda kwa wakala wa basi nikauliza kama kuna kiti kingine. Kipo. Si kando yako, ni nyuma kabisa, karibu na mlango. Nitakaa Mwanza siku mbili, nirudi. Ukiona kesho alfajiri nimetoka na mfuko wangu, usiniulize mbele ya watu. Panda tu, nami nitapanda.

Mama yako,
Zubeda